Herufi tatu

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha nne, shule ya kutwa, Tanga mjini. Siku hiyo tuligawiwa selfomu, fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tano au chuo, tukajaze nyumbani. Madamu alituambia tuanze kwa penseli. Tukishaelewana na wazazi ndipo turudie kwa kalamu.

Jirani yangu wa dawati hakungoja wazazi. Baba yake mhasibu, kaka yake yuko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akaandika EGM palepale, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, akaniuliza kama jioni tunacheza mpira. Hakunizidi akili, maana hesabu alikuwa ananakili kwangu. Ila kwao zile herufi zilikuwa na sura za watu.

Kwetu Ngamiani hazikuwa na mtu. Mama alikuwa anakoroga unga wa vitumbua vya asubuhi. Baba kibarua cha bandarini alikipata siku mbili tu wiki ile. Nikatandaza fomu jamvini, kando ya chemli, nikaandika PCB. Baiolojia nilikuwa naiweza, na ukiwaacha walimu, msomi pekee niliyewahi kumwona kazini ni daktari.

"Hizo nini?" Baba akauliza.

"Fizikia, Kemia na Baiolojia. Miaka miwili ya kidato cha tano na sita, halafu udaktari miaka mitano."

Akahesabu kwa vidole. Hakukasirika, na afadhali angekasirika, ningepata wa kumlaumu. Akawaangalia wadogo zangu waliolala.

"Ualimu miaka mingapi?"

"Wa shule ya msingi, Daraja la Tatu A? Miwili."

"Na ukimaliza serikali inakupangia kituo?"

"Ndiyo, Baba."

Hakuongeza neno. Ada yangu yenyewe, shilingi 20,000 kwa mwaka, tulikuwa tunailipa vipande vipande, na mara mbili nilisharudishwa nyumbani. Nikajaribu kumweleza habari za Bodi ya Mikopo, inayokopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Hapo ndipo nilipoharibu. Mkopo alioujua yeye ni ule wa daftari la dukani, lenye jina letu ukurasa mzima.

"Mimi hizo herufi sizijui, mwanangu," Mama akasema. "Waulize waliosoma."

Nikaupitia mtaa mzima kichwani: fundi baiskeli, muuza mkaa, kondakta wa daladala, ustadhi wa madrasa. Nikafuta PCB, nikaandika ualimu. Nikafuta ualimu, nikaandika CBG, Kemia, Baiolojia na Jiografia, na hadi leo, nami mwalimu wa miaka mingi, sijui ile CBG niliitoa wapi. Nikafuta tena. Usiku ule ufutio uliisha kabla ya mafuta ya taa.

Asubuhi Madamu aliinua fomu yangu dirishani, mwanga ukapenya kwenye tundu.

"Hapa uliandika nini?"

"Kila kitu, Madamu."

Alicheka, kisha akanyamaza. Akavuta droo, akatoa fomu nyingine, lakini hakunipa.

"Kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Sita. Mimi wa kwanza."

"Na mimi nilikuwa wa kwanza," akasema, akachukua kalamu yake.