Begi langu la Kilimanjaro

Jumamosi naanza kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na kitanda chote kimejaa nguo. Mimi ni mtu wa Tanga, baridi ninayoijua ni ya mvua za masika. Kule kileleni, mita 5,895, usiku halijoto hushuka chini ya sifuri.

Viatu ndivyo vilivyonihangaisha zaidi. Nilivipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi, vya ngozi, soli yenye meno. Kabla ya kulipa nilikunja soli kwa mikono kuona kama gundi imeachia, kisha nikavaa na soksi nene na kugonga vidole mbele. Kucha zikigusa, wakati wa kushuka utaumia vibaya. Tangu hapo navivaa kila siku, hata nikienda dukani.

Fulana za pamba zinabaki nyumbani. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na ukisimama tu unatetemeka. Nabeba za sufu, sweta zito, koti la mvua na glovu.

Chupa ya maji usiku wa kilele nitaiweka kichwa chini, maana maji huanza kuganda kwa juu, mfuniko usije ukaziba. Betri za taa ya kichwani nitalala nazo, baridi isizimalize.

Shangazi amenifungia kashata, na nazichukua zote, kwa sababu huko juu hamu ya chakula hupotea. Kichwa kikiuma na kutapika kukaanza, nashuka. Mama nimeshamwahidi hilo.