Kutoka laki mbili na nusu hadi milioni na ushee: nilivyobadilisha taimingi belti ya Forester

Nilipoulizia bei ya kubadilisha taimingi belti, ule mkanda wa mpira wa mbele ya injini, hapa Dodoma, fundi wa kwanza alisema laki mbili na nusu, kila kitu ndani. Gereji ya pili, yenye ofisi na feni ya ukutani, ikaniandikia 1,150,000. Wa tatu akasema 480,000, "ila tunaongea, bosi". Gari lile lile, wiki ile ile. Ni rahisi hapo kuamua kwamba mmoja ni mwizi na mwingine ana roho nzuri. Mimi niliwarudia wote watatu na swali moja: mkishafungua, mnatoa nini na mnarudishia nini?

Wa kwanza alikuwa anabadilisha mkanda peke yake. Wa tatu angefunga mkanda mpya, na tenshena (kikazio cha mkanda) na puli (magurudumu mkanda unapopita) za mtumba. Gereji ilikuwa imehesabu mkanda, tenshena, puli zote, wota pampu (pampu ya maji), thamostati ya kudhibiti joto la injini, sili zote za mbele za kuzuia mafuta, kulanti (maji ya kupozea injini), na "uchunguzi wa kompyuta" ambao mpaka leo sijajua ungechunguza nini kwenye mkanda wa mpira. Hizo hazikuwa bei tatu za kazi moja. Zilikuwa kazi tatu.

Gari lenyewe ni Subaru Forester turbo ya 2004, modeli SG5, injini EJ205. Ina kamshafti nne, yaani shafti zinazofungua valvu, na mkanda mmoja ndio unaozizungusha zote kutoka kwenye krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na njiani unazungusha wota pampu pia. Ukikatika au ukiruka meno ya kutosha, pistoni inapanda na kukuta valvu bado iko wazi. Zinagongana, valvu zinapinda, na hapo hedi (kichwa cha injini) lazima ishuke. Si kila injini iko hivyo. Wenye Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE, mkanda ukikatika kwa kawaida gari huzima tu; unavutwa hadi gereji, unafunga mwingine, unaondoka. Wenye IST hawana hata habari hii, maana zao ni cheni. Kwa hiyo jirani mwenye Noah akikwambia "mimi nilibadilisha mkanda tu na sikupata shida", anasema kweli, ila kweli ya Noah.

Je, muda ulikuwa umefika? Hili lilinichukua muda zaidi kulijua kuliko bei. Chini ya boneti kulikuwa na kibandiko kidogo cha Kijapani, kile kinachobandikwa mkanda ukibadilishwa. Maandishi siyajui, lakini tarakimu zinasomeka: 25, kisha 6, kisha 84,000 na kitu kilomita. Ile 25 ni mwaka wa Heisei, hesabu ya miaka ya Kijapani iliyoanza 1989. Unajumlisha 1988 unapata 2013. Yaani mkanda ulibadilishwa Japani Juni 2013. Dashibodi yangu ilikuwa inasoma 139,000, hivyo mkanda ulikuwa umetembea kama kilomita 55,000, wakati Japani Subaru hizi hupewa kilomita 100,000. Kwa kilomita nilikuwa bado na nafasi kubwa. Kwa miaka nilikuwa nimevuka kumi, na mpira huzeeka hata gari likiwa limelala uani. Nikaamua kufuata miaka.

(Kibandiko hicho kina faida nyingine kwa anayenunua gari lililotumika. Kikisoma kilomita nyingi kuliko dashibodi, ujue kuna mtu ameirudisha nyuma.)

Spea nilinunua Dar. Shemeji yangu anafanya kazi karibu na Gerezani, nikamtumia picha ya namba ya chesisi na ya injini, nikamwomba asikubali kitu kwa jina la gari tu. Dukani kwanza alipewa mkanda wa Forester isiyo na turbo, yenye kamshafti mbili, ambao ni mfupi. "Shemeji, huyu anasema Forester ni Forester," akanipigia. Nikamwambia amwoneshe EJ205. Mkanda ukabadilishwa. Mwishowe alichukua boksi zima lenye mkanda, tenshena, puli zote na wota pampu, beringi zake zikiwa zimegongwa majina ya Kijapani, kwa 620,000. Kulikuwa na boksi la 280,000 linalofanana nalo kwa rangi. Humo puli zilikuwa hazina jina lolote, na moja ilikuwa inacheza kwenye beringi ikiwa bado ndani ya nailoni.

Boksi likaja kwa basi, 10,000. Nilikaa nalo ndani mwezi mzima, kwa sababu mshahara mmoja ulibeba spea na uliofuata ukabeba ufundi. Kugawa hivyo kulinisaidia kuliko kukopa, na gari halikuwa limeharibika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ananikimbiza.

Fundi niliyempa kazi ni yule wa tatu. Nilimuuliza alama ya kupangia krenki kabla ya kufunga mkanda kwenye injini hii ni ipi, naye bila kufikiri akasema: "Kuna mshale, huo unadanganya watu. Alama ni kale kamstari kwenye ukingo wa nyuma, kakae juu." Ndivyo ilivyo, na mwenye kufuata mshale anakuharibia valvu kwa mkono wake. Wa kwanza alinijibu kwamba yeye huweka alama kwa rangi kwenye mkanda wa zamani kisha ananakili. Njia hiyo inafaa tu kama aliyetangulia alipatia. Huyu wa tatu alitaka laki mbili za ufundi, tukaelewana 150,000 kwa sharti kwamba niwepo.

Kwenye Subaru kazi hii ina nafasi, kwani mkanda unatazama rejeta. Alitoa kulanti, rejeta, mikanda ya nje, puli ya krenki na mifuniko. Alichofanya kwa taratibu kuliko vyote ni kubana tenshena mpya kwenye jiliwa, kidogo kidogo, ikiwa imesimama, kisha akachomeka pini. Ukiibana kwa pupa unaiua kabla haijafanya kazi. Mkanda ulipokaa akachomoa pini, akazungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, alama zikarudi mahali pake. Ndipo akagusa funguo.

Mkanda wa zamani haukuwa na ufa hata mmoja. Lakini puli moja, ile yenye meno, ilikuwa inasaga ukiizungusha kwa kidole. Yule wa laki mbili na nusu angefunga mkanda mpya juu ya puli hiyo. Sili za kamshafti zilikuwa kavu, tukaziacha. Ya krenki ilikuwa inalia mafuta, tukabadilisha kwa 15,000. Thamostati 45,000, kulanti 40,000. Jumla 880,000 pamoja na nauli ya basi na ufundi. Injini ya mtumba ya turbo niliwahi kutajiwa zaidi ya milioni tatu, bado hujamlipa wa kuifunga.

Tulipomaliza, fundi alikuwa ameshaifuta tenshena ya zamani na kuiweka kando kwenye gazeti safi. "Hii bado nzima, bosi. Niachie, kuna mtu ataihitaji." Nikaelewa zile tenshena za mtumba kwenye bei yake ya 480,000 zilikuwa zinatoka wapi. Wota pampu nilimwachia, aluminiamu ina wanunuzi wake. Mkanda niliukata kwa kisu mbele yake. Tenshena na zile puli nilizifunga kwenye lile gazeti nikaondoka nazo, naye akacheka, akasema ningemwachia hata moja.