Jinsi Lori la Duka Langu Lilivyoingia Kazi ya Kubeba Mizigo ya Kukodiwa

Kwa miaka minne Canter yetu, lori dogo la ekseli mbili (jozi mbili za magurudumu, ya mbele na ya nyuma), haikuwahi kubeba mzigo wa mtu mwingine. Ilitoa saruji Athi River, mabati Eneo la Viwanda na mbao Gikomba, ikazileta Kayole, hapa Nairobi, kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi, basi. Mwanzoni mwa mwaka jana mauzo yalipopungua, lori likawa linalala mbele ya duka siku tatu kwa wiki huku mkopo wake ukiendelea kudai, na wenye maduka wenzangu wakaanza kuniomba niwabebee bidhaa zao kwa malipo. Nilikubali safari ya kwanza, kisha ya pili. Kabla ya safari ya tatu nikasikia habari za mfanyabiashara wa mtaa wa jirani ambaye lori lake lilipinduka karibu na Ruai likiwa na vigae vya mteja. Kampuni ya bima ilikataa kumlipa, kwa sababu hati yake ilisema lori ni la kubeba mali ya mwenyewe, na siku ile lilikuwa limekodishwa.

Jioni hiyo nilifunga duka mapema, nikaitoa hati yangu ya bima kwenye bahasha na kuisoma neno kwa neno. Katika sehemu inayoeleza matumizi ya gari palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba lori litabeba mali ya mwenye bima katika shughuli za biashara yake, na kwamba halitatumika kwa kukodishwa wala kwa ujira. Safari zangu mbili zilikuwa nje ya sentensi hiyo. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya madhara yanayoweza kuwapata watu wengine, na kwa sababu stika ilikuwa kwenye kioo nilijiona nimetimiza wajibu wangu. Kumbe mwenye lori anapopokea malipo kwa kubeba mali ya mwingine, kazi yake hubadilika jina mbele ya bima, hata kama lori ni lile lile, barabara ni ile ile na saruji ni ile ile.

Nilipompigia wakala asubuhi, aliniambia kwamba ada ya bima ya mizigo ya kukodiwa iko juu zaidi na hutegemea uzito ambao lori linaruhusiwa kubeba. Akanishauri pia nichukue bima ya pekee ya mizigo iliyo safarini, kwa kuwa bima ya lori hailipi mali ya mteja ikiharibika. Kisha akaniomba nakala ya hati ya usajili wa gari, ile tunayoiita logibuku, na hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza.

Logibuku ilisema kwamba uzito mtupu wa lori ni kilo 2,780. Ilisema kweli siku liliponunuliwa, likiwa na bodi ya mbao yenye kuta fupi. Lakini miaka miwili baadaye niliwapa mafundi wa Kariobangi Light Industries kazi ya kuliwekea bodi ya chuma yenye kuta ndefu na paa, ili saruji isinyeshewe, na hakuna mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyefikiria kuandikisha badiliko hilo. Nililipeleka lori tupu kwenye mizani ya kulipia katika Eneo la Viwanda. Karatasi iliyotoka ilikuwa na kilo 3,460. Nilimwomba mhudumu apime tena, naye akapima tena bila kulalamika, na tarakimu zikarudi zile zile.

Tofauti hiyo ya kilo 680 ilibadilisha mambo mawili makubwa. La kwanza ni kidhibiti mwendo. Kanuni za trafiki za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na ambazo Wakenya hadi leo huziita sheria za Michuki kwa jina la marehemu John Michuki aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zinakumbukwa sana kwa mikanda ya usalama na mistari ya manjano ya matatu, lakini ziligusa malori pia. Gari la biashara ambalo uzito wake mtupu unazidi kilo 3,048 lazima liwe na kifaa kisicholiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Tarakimu hiyo ilinishangaza hadi nilipokaa na kikokotoo na kuona kwamba ni sawa na tani 3 za kipimo cha zamani cha Uingereza. Kwenye logibuku nilikuwa chini ya mpaka huo, lakini barabarani nilikuwa nimeuvuka kwa miaka miwili bila kujua.

La pili, na ndilo lililoniuma zaidi, ni mzigo wenyewe. Sheria ya Trafiki inakataza lori kubeba zaidi ya uzito uliowekwa na mtengenezaji wa chesisi au ule uliokadiriwa na mkaguzi. Kibao cha mtengenezaji wa lori letu kinasema kwamba gari na vyote vilivyomo visizidi kilo 7,700. Ukiondoa kilo 3,460 za lori lenyewe na bodi yake mpya, zinabaki kilo 4,240, yaani mifuko 80 ya saruji ya kilo 50, pamoja na nafasi ndogo ya dereva, tanboi (msaidizi wake), turubai na kamba. Sisi tulikuwa tukipakia mifuko 95. Nilirudia hesabu hiyo nyuma ya kitabu cha risiti, na kila mara nilipata kwamba tulikuwa tumezidisha zaidi ya nusu tani, kwenye breki zile zile na magurudumu yale yale, tukiteremka Mombasa Road kati ya mabasi ya watu.

Madereva wa jirani waliniambia nisijisumbue, kwa kuwa mizani ya barabarani ya Mlolongo haiwezi kulishika lori dogo kama hili. Kwa upande mmoja walisema kweli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu pacha, kwa hiyo lori la ekseli mbili linaweza kufika tani 18 kabla halijavuka kikomo cha barabara. Lakini kikomo hicho kiliwekwa kuilinda lami. Cha mtengenezaji kinailinda chesisi, breki na mtu aliye mbele ya lori, na mwenye lori dogo akikitumia kile cha kwanza kupima usalama wake anajidanganya.

Nilifikiria kuirudisha bodi ya mbao ili nipate kilo zaidi. Mwishowe niliiacha ya chuma, kwa kuwa mteja anayekukodisha anataka mzigo wake ufike mkavu na usiibwe kwenye foleni ya Outering Road, na nikaamua kulisajili lori kama la tani 4. Fundi aliweka kidhibiti mwendo na kunipa cheti chake, mchoraji akaandika mlangoni jina langu, uzito mtupu na uzito wa mzigo, nasi tukabandika nyuma shevroni mpya, zile alama za mistari inayong'aa. Kodi ya mapema ya magari ya biashara niliilipa kupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Tangu Januari 2024 ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya mzigo kwa mwaka, au shilingi 5,000 ikiwa hesabu ya tani ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo yangu ilikuwa shilingi 10,000. Wengi huilalamikia bila kujua kwamba si kodi ya mwisho, kwani mwaka unapofungwa hupunguzwa kutoka kodi ya mapato unayodaiwa. Itunze risiti yake.

Ukaguzi wa magari wa Likoni Road tulianguka mara ya kwanza. Lori lilipopandishwa kwenye mashine ya kupima breki, gurudumu la nyuma la kushoto lilionyesha nguvu ndogo kuliko la kulia, na taa moja ya mbele ilikuwa ikimulika juu mno. Mkaguzi alimwita dereva wangu aje aone kipimo mwenyewe. "Mzee, ukikanyaga ghafla ukiwa na mzigo, gari litakuvuta kulia," alimwambia. Tulikwenda Kirinyaga Road tukanunua breki mpya za nyuma, tukarudi baada ya siku tano na kupita. Tulipitishiwa pia maelezo mapya ya bodi na uzito, ili logibuku ifanane na lori. Baada ya hapo tu ndipo wakala alipoweza kuandika bima sahihi. Ningekuwa nimeanza kwa kupima lori, kisha usajili na ukaguzi, na bima mwishoni, ningeokoa karibu wiki tatu.

Upande wa dereva ulikuwa na uzito wa aina nyingine. Dereva wangu ni mtu mzima aliyeanza kama tanboi na kujifunza usukani kwenye malori ya mchanga, na leseni yake ilikuwa bado ile ya zamani yenye herufi BCE. Siku hizi madaraja yamegawanywa upya, C1 ikiwa ya malori madogo na CE ya malori makubwa yenye trela, na leseni ni kadi yenye chipu inayolipiwa shilingi 3,050 kwa miaka mitatu. Hilo alilikubali bila neno. Kilichomuumiza ni cheti cha tabia njema, ambacho mteja mmoja mwenye ghala alikitaka kabla ya kutukabidhi mzigo wake.

"Mama, miaka sita tunafanya kazi pamoja," aliniambia, akiwa ameshika kofia yake mkononi. "Leo polisi ndio wakuambie mimi ni nani?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba mteja hamjui kama ninavyomjua mimi, na kwamba hata mimi mteja hanijui, kwa hiyo tungekwenda wote wawili. Tulijaza maombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kila mmoja akalipiwa shilingi 1,050, tukapanga foleni Huduma Centre ya GPO hadi zamu yetu ya kuchukuliwa alama za vidole. Tulitoka pale tukiwa na wino mweusi vidoleni, yeye akinionyesha namna ya kuutoa kwa sabuni ya unga na mchanga kidogo, kama wanavyoyatoa mafuta ya gari. Tangu siku hiyo hakulisema tena jambo hilo, na cheti chake anakibeba mwenyewe kwenye mfuko wa shati.

Kanuni iliyobaki niliidharau mwanzoni kwa kuwa haina karatasi ya kuombwa wala ofisi ya kwenda. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari la biashara kuendeshwa na dereva mmoja kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, na kosa si la dereva peke yake, ni la anayemruhusu pia. Nilinunua daftari la mistari, likawekwa kwenye dashibodi, na kila anapowasha na kuzima injini anaandika saa. Bei zangu nilizipanga upya kwa daftari hilo. Kwenda Nakuru na kurudi, pamoja na mteremko wa Mai Mahiu na foleni za kuingia Nairobi, kunazimaliza saa zake karibu zote, kwa hiyo Nakuru ni safari moja kwa siku na ninaitoza kama siku nzima.

Mwezi wa pili wa kazi, mteja wa mabati alichelewa kutupakia kwa saa nyingi baada ya lori kuwa limeshafanya safari ya Thika asubuhi. Saa mbili usiku dereva alinipigia simu akiwa Naivasha. "Mama, daftari limejaa. Nimeegesha hapa kwenye kituo cha mafuta, tanboi amelala ndani na mzigo." Mteja alinipigia mara nne usiku ule akitaka lori lisogee, kwa kuwa zilikuwa zimebaki kilomita 70 tu kufika Nakuru, nami nikamjibu mara zote nne kwamba mabati yake yana bima, yamefungwa, na yatafika asubuhi. Yalifika saa mbili na nusu.