Siku Tuliyoambiwa Chanjo Imesimama

Mtoto wa dada yuko kidato cha pili. Juzi tukimenya viazi akaniuliza, "Mamdogo, kama chanjo ya korona ilipatikana ndani ya mwaka mmoja, ya UKIMWI mbona hadi leo hakuna?"

Nilimweleza nilivyoelezwa nami. Korona, wengi huugua wakapona, kwa hiyo chanjo inaufundisha mwili jambo unaloliweza. VVU, vinavyojulikana tangu 1983, hujipachika ndani ya vinasaba vya seli zetu na kujibadili kila uchao. Akaelewa. Mimi mawazo yalishakwenda Novemba 2023.

Nilikuwa mshiriki wa PrEPVacc, utafiti wa chanjo mbili za VVU ulioanza Desemba 2020, korona ikiwa imetanda duniani. Tulikuwa watu 1,512 kutoka Uganda, Afrika Kusini na Tanzania, yaani Mbeya na Dar es Salaam. Sindano, vipimo, nauli, maneno ya majirani: hayo niyapite.

Siku ile mvua za kwanza zilikuwa zinapiga bati. Sista, ambaye kila mara huanza na utani, alitusalimia tu, akakaa. Akasema kamati huru ya wataalamu imepitia takwimu na kuona hakuna dalili kwamba chanjo zitakinga, kwa hiyo hakuna atakayechomwa tena. Hakuna aliyekohoa. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameshakunja mkono wa shati hadi begani, kwa mazoea. Akaushusha polepole, akafunga kifungo, kikamponyoka, akafunga tena. Ndipo akauliza, "Sista, kwa hiyo tumechomwa bure?"

Sista alifungua faili, akasoma mstari tuliousaini wote: chanjo hii inaweza isikukinge. Kisha akasema, "Kaka, tusingewachoma ninyi, tungeendelea kudhani inakinga." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Tangu hapo dawa zimepiga hatua kuliko chanjo. Lenacapavir, dawa ya sindano ya kukinga VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iliidhinishwa Marekani Juni 2025. Katika utafiti wa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya 2,134 waliopewa aliyeambukizwa. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi mno, tena kwa kujua wale wasichana walikaa kwenye mabenchi kama yetu.

Mama anasema sisi tulitumika tu. Simkubalii, lakini jibu la sista pia halinitoshi. Wakiita watu tena, nitakwenda.