Kumbukumbu ya mradi: kutafuta hitilafu ya sensa ya throto

Gari ninalolishughulikia lina throto (mlango wa hewa ya injini, wenye kipepeo kinachofunguka unapokanyaga mafuta) inayovutwa kwa kebo, na sensa yake, inayoiambia kompyuta throto imefunguka kiasi gani, ni ya aina ya zamani yenye nyaya tatu. Tatizo lake halikuwa la kila wakati. Injini iliwaka vizuri ikiwa ya baridi na silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikatulia, lakini ilipopata moto na mguu ukawa umegusa mafuta kidogo tu, gari lilianza kushtukashtuka kama linaloendeshwa na mtu anayekanyaga na kuachia. Nikikanyaga zaidi, hali hiyo ilikwisha. Giaboksi, ambayo ni ya otomatiki, nayo ilikuwa ikipandisha na kushusha gia bila sababu ingawa mwendo haukubadilika. Mashine ya uchunguzi ilikuta msimbo mmoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani P0121.

Msimbo huo unastahili kusomwa kwa makini kabla ya kushika spana. P0122 hutokea pale ishara ya sensa inaposhuka kupita kiasi na P0123 pale inapopanda kupita kiasi, na yote miwili hukuelekeza moja kwa moja kwenye nyaya au sensa iliyokatika. P0121 ni tofauti, kwa sababu inasema kwamba ishara imo ndani ya mipaka yake ila haiendani na kile ambacho kompyuta inakitarajia ikitazama vipimo vingine, hasa shinikizo la hewa ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) na mizunguko ya injini. Ndiyo maana hewa ya wizi inayoingia kupitia mpira uliopasuka inaweza kuwasha msimbo huohuo wakati sensa ni nzima kabisa. Kwa hiyo nilianza na mipira ya hewa na gasketi ya manifoldi, kisha nikasoma shinikizo injini ikiwa na moto na ikizunguka bila kukanyagwa. Lilikuwa kilopaskali (kPa) 34, limetulia, na kwa injini iliyo nzima mahali pasipo na mwinuko mkubwa kati ya 30 na 40 ni kawaida. Hewa ya wizi nikaiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Vipimo vya umeme nilivifanya swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, soketi ikiwa imechomekwa mahali pake. Pini nyembamba niliipitisha nyuma ya soketi, kandokando ya waya, bila kutoboa ganda lake, maana kila tundu kwenye ganda la waya ni mlango wa unyevu na kutu. Waya wa rejea, unaoipa sensa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, ulitoa volti 5.01. Waya wa ethi, yaani wa upande hasi, niliupima dhidi ya nguzo hasi ya betri, na tofauti ikawa volti 0.02. Mimi hukubali hadi 0.1, na zaidi ya hapo huanza kufuatilia waya huo hadi unapofungwa.

Nasisitiza ethi kwa sababu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Sensa ya aina hii ni potenshiometa, yaani ukanda wa kaboni uliowekewa volti 5 upande mmoja na ethi upande wa pili, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake shafti ya throto inapozunguka. Ethi ikikatika, mkondo hauna pa kupita, na ishara hupanda hadi karibu volti 5 popote kidole kilipo. Kompyuta inaamini kwamba mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Katika injini nyingi, kukanyaga hadi mwisho wakati wa kupiga stata ni amri ya kufunga nozeli zinazopuliza petroli ili silinda zilizojaa petroli zikauke, hivyo gari linaweza kukataa kuwaka kabisa, na mtu akaishia kubadilisha pampu ya mafuta isiyo na kosa lolote.

Ishara yenyewe ilisoma volti 0.53 throto ikiwa imefungwa na 4.47 ikiwa imefunguliwa yote. Namba hizi ni nzuri. Watengenezaji huacha nafasi chini na juu kwa makusudi, ili kompyuta iweze kutofautisha throto iliyofungwa na waya uliokatika, na throto iliyo wazi na waya uliogusana na rejea. Ila hapa ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi yanayomwambia mtu apime sehemu hizo mbili kisha aipitishe sensa. Injini haiishi kwenye ncha. Sehemu kubwa ya maisha ya gari hupita kati ya throto iliyofungwa na robo ya kukanyaga, na ukanda wa kaboni huchakaa palepale kidole kinapopita kila siku. Sensa hupimwa ikiwa katika mwendo.

Mita ya kidijitali haikunisaidia katika hilo, kwani hubadilisha namba zake mara chache tu kwa sekunde, na ishara inayodondoka kwa milisekunde chache hupita bila kuonekana. Nikaunganisha osiloskopu, chombo kinachochora volti kama mstari kwenye skrini, kwenye waya wa ishara, nikazungusha kwa mkono, polepole sana, kitako cha throto kinachovutwa na kebo. Mstari ulipanda laini hadi karibu volti 0.9, kisha ghafla ukaanguka karibu na sifuri, ukarudi, ukaanguka tena, na baada ya 1.3 ukapanda safi hadi mwisho. Nilipoirudisha throto taratibu, miporomoko ilitokea mahali palepale. Niliipasha sensa moto kwa mashine ya kukaushia nywele, na miporomoko ikawa mirefu zaidi, jambo ambalo linaeleza kwa nini gari halikulalamika likiwa la baridi. Asiye na osiloskopu anaweza kutumia mita ya mshale, kwa sababu mshale hucheza pale ishara inapokatika, hata kama haukuonyeshi umeanguka hadi wapi.

Picha hiyo iliunganisha malalamiko yote ya gari. Ishara inapoanguka, kompyuta huelewa kwamba dereva ameondoa mguu, nayo hupunguza au hukata petroli. Inaporudi milisekunde chache baadaye, huelewa kwamba dereva amekanyaga kwa nguvu, nayo huongeza petroli ya kuongezea kasi. Matokeo ni kushtuka. Giaboksi husoma ishara hiyohiyo ili kuamua wakati wa kubadilisha gia, na ikipewa habari za uongo huamua vibaya.

Hata hivyo, mporomoko wa namna hiyo unaweza pia kutoka kwenye waya au soketi inayolegea, na sikutaka kuihukumu sensa kwa ushahidi wa upande mmoja. Nilishikilia throto kwenye volti 2, mahali ambapo ukanda ulikuwa safi, nikautikisa mkongo wa nyaya kuanzia kwenye soketi hadi karibu na kompyuta. Mstari haukutikisika. Kisha nikachomoa soketi na, baada ya kuhakiki rangi za nyaya kwenye mchoro wa gari, nikaunganisha waya wa rejea na wa ishara kwa kipande kifupi cha waya. Mashine ya uchunguzi ikaonyesha volti 5 bila kuyumba huku nikiendelea kutikisa, kwa hiyo waya wa ishara na kompyuta vilikuwa vizima. Anayerudia kipimo hiki ahakikishe kwamba umeme wa betri haufiki kabisa kwenye nyaya hizi, kwa sababu volti 12 zikiingia kwenye rejea zinaweza kuiunguza kompyuta pamoja na sensa nyingine zinazotumia rejea hiyo.

Sensa iliyotolewa niliifungua kwa kisu chembamba kwenye mshono wa kifuniko. Ukanda wa kaboni ulikuwa mweusi na wenye kung'aa kidogo karibu urefu wake wote, lakini mwanzoni, milimita chache kutoka mahali pa kufungia, palikuwa na mfereji uliochimbwa na vidole viwili vya mguso, na chini ya mfereji ilionekana rangi ya kahawia ya kibao kilichobeba kaboni. Pembeni ya mfereji palikuwa na vumbi jeusi laini. Kumwagia dawa ya kusafishia mahali kama hapo hakurejeshi kaboni iliyokwisha. Panahitaji sensa mpya.

Sensa mpya ina matundu marefu ya skrubu, hivyo hukubali kurekebishwa. Kwa injini hii maelekezo yanataka volti 0.50 throto ikiwa imefungwa. Kukaza skrubu kuliisogeza hadi 0.54, kwa hiyo nililegeza, nikaanzia chini kidogo, na kukaza skrubu kwa zamu hadi iliposimama kwenye 0.50. Skrubu ya kuzuia kipepeo sikuigusa, kwani ikisogezwa hubadilisha hewa ya silensa na kuharibu kipimo cha kuanzia. Magari mengi ya baadaye hayana matundu hayo marefu. Kompyuta yake hujifunza yenyewe sehemu ya sifuri, na kazi iliyobaki ni kufuata utaratibu wa mtengenezaji wa kuifundisha upya.

Baada ya kufuta msimbo nilirudia kipimo cha osiloskopu, baridi na moto. Mstari ni mmoja, laini, kutoka 0.50 hadi 4.45. Barabarani gari linakwenda kwa mguu mwepesi bila kushtuka, na gia zinapanda kwa wakati wake. Kilichobaki kwenye gari hili ni mpira wa kuzuia maji ndani ya soketi, ambao umekauka na kuwa mgumu. Nitaubadilisha pamoja na kifungio chake kabla ya kufunga kazi.

Kazi itakayofuata ni injini yenye throto ya umeme. Humo sensa hutoa ishara mbili ambazo kompyuta huzilinganisha wakati wote, na zisipopatana huwashwa msimbo P2135. Nitahitaji kuzitazama zote mbili kwa pamoja kwenye skrini moja.