Gagoili langu: hatimaye koo limetoboka

Wiki tatu nilichonga masikio, meno na mikunjo ya pua. Kumbe hiyo ilikuwa starehe tu. Kazi yenyewe ni hili tundu la koo.

Gagoili ni lile zimwi la mawe linalochungulia kutoka kwenye paa za makanisa ya kale ya Ulaya. Langu ni la jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii, urefu sentimita 60. Wengi hudhani gagoili liliwekwa kutisha mashetani, lakini kazi yake ni kumwaga maji. Wafaransa huliita gargouille, neno lenye maana ya koo. Pwani tuna mlizamu, ila mlizamu wetu hauna uso.

Fundi wa zamani alichimba mfereji mgongoni mwa zimwi, mvua ikatokea mdomoni, mbali na ukuta, isije ikala chokaa katikati ya mawe. Shingo ndefu ni kwa sababu hiyo. Yule mwenye pembe aliyejishika mashavu juu ya Notre-Dame ya Paris, anayepigwa picha kila siku, hapitishi hata tone. Aliwekwa karne ya 19, wakati msanifu majengo Viollet-le-Duc akikarabati kanisa. Ni pambo. Siku hizi kwa wengi neno limebaki na maana ya sura mbaya tu. Hata madaktari waliwahi kuita ugonjwa mmoja wa kurithi wa watoto gagoilizimu. Jina hilo limeachwa, na heri limeachwa.

Sasa langu. Jumamosi keekee iliteleza, taya likapata ufa. Nimeliziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe. Ukilowesha huoni kitu. (Chonga jiwe likiwa limelowa maji, vumbi lake si la kuvuta.)

Jumapili nikamimina ndoo ya lita 20. Maji yakafika mdomoni, yakakunja kidevu, yakarudi kwa chini hadi ukutani! Nilikaa nayo kama saa nzima ndipo nikaelewa: mdomo wa chini ulikuwa wa mviringo. Nimeuchonga ukingo mkali na kuweka mfuo chini yake. Maji ya ndoo ya pili yalirushwa karibu hatua moja.

Mama watoto akatazama, akauliza, "Baba, wageni wapite chini ya mate ya hili dude?"

Basi litakaa kona ya nyuma, juu ya pipa.