Mgonjwa wetu leo alikuwa mtungi wa maji

Sitanii, watu wa Kisumu. Chumba chetu kipya cha eksirei kimefunguliwa na mtungi.

Mkaguzi aliuweka mezani, tukafunga mlango, tukawasha mashine. Mwili wa mtu ukipigwa mionzi huitawanya huku na huku, na maji hufanya vivyo hivyo. Kuta lazima ziizuie hiyo inayotawanyika.

Mlango, safi. Kioo chenye risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, safi. Mimi nishaanza kuwaza samaki wa Dunga.

Kisha akazunguka nje, penye benchi la akina mama wanaosubiri na watoto. Akapitisha kipimo cha mionzi ukutani, polepole.

Kimya.

Kimya.

Halafu namba zikaruka. Karibu kabisa na pale kichwa cha mtoto aliyeketi kinapofika.

Kumbe fundi wa umeme alikata bamba la risasi ili apachike kisanduku cha soketi kwa ndani! Ukuta umepigwa rangi nyororo, huwezi kushuku lolote.

Mwili ulinisisimka. Mimi mfanyakazi nina beji ya kupimia mionzi kifuani, na kikomo changu ni wastani wa milisiveti 20 (kizio cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka. Cha yule mtoto ni 1 tu, na beji hana.

Chumba kimefungwa mpaka bamba jingine liwekwe nyuma ya soketi. Mwenye kliniki kanuna. Anune tu.

Wenzangu wa Kakamega, Busia na Nakuru, kwenu ukaguzi umewahi kufichua nini? Na mafundi wa umeme, huwa mnaambiwa kilichomo ukutani kabla ya kutoboa?